Mwaka Wenye Mlango Mmoja

Katika mji wetu mwaka haufi ghafla. Huugua kwanza. Huugua siku chache katikati ya kipupwe, jua likiwa jepesi kama shuka iliyofuliwa mara nyingi, na siku hizo si za mwaka unaokwenda wala si za mwaka unaokuja. Tunaziita siku za yatima. Ndani yake halimwi shamba, haishonwi nguo, haichumbiwi mtu. Anayelala mchana huamka akiwa na jina la jirani yake, akaitika nalo mpaka magharibi, na hakuna anayemcheka. Mitaa nayo husogea. Nimewahi kutoka nyumbani kwenda kisimani nikajikuta mlangoni pa shule niliyosoma utotoni, kengele inalia, nami nimeshika ndoo. Nilingoja kengele inyamaze, nikageuka, kisima kikawa pale pale.

Wageni hutuuliza mji huu unaitwaje. Tunawaambia ulikuwa na jina zuri, lakini lilichakaa kwa kuitwa.

Mimi naitwa Mize. Kwa kuwa siku za yatima hazina kazi, zamani tulikuwa wanne tuliozimaliza kwa kutazama sinema za kale. Mimi, shoga yangu Shinuna, niliyekua naye, mdogo wake Mwanaheri, na Vuai, mume wa Shinuna, aliyekuwa fundi wa mashine katika jumba la sinema la mji kabla halijafungwa. Jumba lilipofungwa hakuna aliyemwomba ufunguo, naye hakumpa mtu. Paa lilikuwa limebaki nusu. Tulitundika mablanketi upande wa mwanga, tukakaa upande wa giza na kapu la bisi na visheti, tukaanza mchana mara tu baada ya kula. Mashine ilikuwa imepoteza sauti zamani. Watu wa kwenye pazia walifumbua midomo, wakalia, wakapigana, wakaoana, bila hata neno moja kutufikia. Basi maneno tukawapa sisi.

"Wewe ndiwe uliyemuua ng'ombe wangu!" Mwanaheri alinguruma, maana kwenye pazia bwana mwenye masharubu alikuwa amemkamata mwenzake kola.

"Sikumuua, bwana," nilimjibu kwa niaba ya yule mwembamba. "Alijifia mwenyewe, kwa aibu ya kuwa wako."

"Acheni ujinga," alisema Vuai kutoka kwenye mashine. "Hao ni ndugu. Mimi nimeiona hii."

"Ndugu gani, na mmoja hana masharubu?"

Shinuna hakuwahi kusema kwa niaba ya watu. Alisema kwa niaba ya farasi. Watu wakibusiana mbele, farasi amefungwa nyuma yao, Shinuna alisema kwa sauti ya uchovu, "Na hawa nao wananipanda wakidhani mimi ndiye najua njia." Tulicheka mpaka bisi zikamwagika. Nilipokuwa nikicheka hivyo, gizani, katikati ya siku zisizo na mwaka, nilijihisi sipo popote na hainisumbui.

Halafu masika ya mwaka mmoja Shinuna alishikwa na homa. Tulimuuguza, akawa anapata nafuu, kisha hakupata. Tulimzika mvua inanyesha. Na siku za yatima zilipoingia, tukarudi jumbani watu watatu, kila mmoja amekaa kiti chake cha zamani, na kiti cha nne kimekunjuka chenyewe kama vinavyofanya viti vibovu.

Siku ile ya kwanza Vuai hakutuonesha bwana wa masharubu. Alitoa kopo dogo lenye kutu ambalo sikuwahi kuliona. Alisema zamani, kabla hajamuoa Shinuna, alipita msafiri mmoja na kamera yake, akapiga picha za Siku ya Mwaka uwanjani, naye akamwachia kipande cha mkanda kwa kuwa alimkaribisha chakula. Alikuwa amekisahau. Mke wake alipofariki ndipo alipokikumbuka.

Alizima mwanga. Uwanja wetu ukatokea, mweupe, umejaa watu waliokwisha kufa na watu waliokwisha kuzeeka. Halafu upande wa kushoto akaingia msichana amejitwisha sinia ya mikate. Akageuka. Akaiona kamera. Akacheka, mkono ukapanda na ncha ya kanga kuziba mdomo, akatoka upande wa kulia. Basi. Ni muda wa mtu kupiga chafya na mwenzake kumwombea rehema.

Mwanaheri alipiga ukelele. Mimi nilishika mkono wa kiti. Vuai alirudisha mkanda nyuma, Shinuna akaingia tena kutoka kushoto.

Akaingia tena.

Akaingia tena.

Jana iko wapi? Siulizi ilikuwaje, hilo kila mtu atakueleza, na kila mtu atakueleza lake. Nauliza iko wapi. Maji yakimwagika yameingia ardhini. Moshi umeingia angani. Kitu kilichokuwa hapa, kikanishika mkono, kikanisuka nywele, kikagombana nami kwa ajili ya kitana, hakiwezi kuwa hakipo tu. Lazima kiwe kimewekwa mahali, na aliyekiweka awe na ufunguo. Nilimtazama Vuai na mashine yake nikadhani nimemwona mwenye ufunguo. Nilimwonea hata wivu. Nilifikiri: huyu amemshinda mfalme aliyetushinda sisi wote, yaani wakati. Kila mtawala niliyemjua alitaka kitu hicho hicho, kuisimamisha siku yake nzuri isipite, na wote walishindwa, sanamu zao zikaotwa na nyasi puani. Na hapa palikuwa na fundi mmoja mwenye fulana, anazungusha mpini, naye siku yake inarudi akiiita.

Siku ya pili niliona mkwaruzo. Mstari mwembamba ulipita shavuni mwa Shinuna, kisha ikawa miwili. Kopo lilitoa harufu ya siki. Kila alipopita alikuwa amepungua kidogo, kanga yake imepoteza maua yake, meno yake yamekuwa mwanga mtupu. Mashine ilimvuta kwa meno yake ya chuma, ikamtafuna, ikamtema. Kumbe kutazama nako ni kula.

Siku ya tatu Mwanaheri alisimama mbele ya mashine.

"Shemeji, basi."

"Namtazama tu."

"Ndivyo unavyommaliza. Angalia! Pua haionekani tena. Mke wako ni kweli, lakini ni dada yangu mimi. Nilinyonya ziwa alilolinyonya yeye. Nibakizie."

Vuai aliyatazama macho ya shemeji yake kwa muda. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mrefu, mpole, ameinama kidogo mabegani kwa miaka ya kukaa katika chumba kifupi cha mashine, na kofia yake ya kitani hakuivua hata akiwa ndani.

"Mara moja tu," alisema. "Halafu nitakukabidhi kopo, ukalifiche usiniambie."

"Apa."

"Naapa."

Shinuna akaingia kutoka kushoto, akageuka, akacheka, na mkono ulipokuwa unapanda mashine ikakwama. Akasimama. Kwa mara ya kwanza hakutoka. Alitusimamia pale, mkono nusu ya njia, mdomo bado haujazibwa, anatutazama, nasi tunamtazama, na nawaambia kweli kwamba katika maisha yangu sijawahi kuwa na furaha kama ile, nayo ilidumu pumzi moja. Kisha doa la kahawia likatokea shavuni. Likapanuka. Likawa na ukingo mweusi unaochemka, likala jicho, likala kicheko, na nyuma yake pakawa na weupe tu.

Taa ya mashine ilikuwa inauchoma mkanda. Fundi yeyote angerukia mashine. Vuai alikimbilia pazia. Alikimbia kati ya viti, akaangusha viwili, akafika, akabandika viganja vyake viwili juu ya uso wa mke wake kwenye kitambaa ili auzime moto. Mimi ndiye niliyeivuta taa.

Palikuwa na kivuli, harufu, na ndege waliokuwa wakitembea juu ya nusu ya paa. Mwanaheri alijifunga kanga yake upya, taratibu, akitafuta ncha.

"Masika alikufa kwa amri ya Mungu," alisema. "Leo umemuua wewe."

Akaondoka. Vuai alibaki na viganja kwenye pazia hata nilipomwita kwa jina. Hakuitika. Nilimwita tena, nikakumbuka siku zenyewe ni zipi, nikaita majina mengine mawili matatu nikidhani huenda amekuwa mwingine. Mwisho aligeuka akanipita, akatoka nje kwenye jua. Nilimfuata kwa mbali. Mitaa ilikuwa imesogea siku hiyo, nasi tulipita mbele ya nyumba yangu mara nyingi kabla ya kufika uwanjani.

Uwanjani walikuwa wanajenga kibanda.

Ni lazima nieleze, kwa anayesoma haya akiwa mji mwingine. Siku ya Mwaka kwetu ina mambo matatu. Asubuhi wanaume hupigana kwa vigogo vya mgomba, na wanawake hupigana kwa nyimbo, ili kila kinyongo kiishe na kisivuke kuingia mwaka mpya. Adhuhuri huchomwa kibanda cha makuti chenye mlango mmoja. Mtu mmoja huingia ndani kwa hiari yake, moto ukawashwa, na paa likishika yeye hutoka mbio, watu wakapiga makofi wakasema mwaka umetoka. Jioni kabla jua halijashuka tunakwenda kuoga baharini, halafu kila nyumba hula na mgeni. Nyumba iliyokosa mgeni haina bahati. Ndiyo yote. Wazee wetu hawakutuachia maelezo, walituachia kibiriti.

Vuai alikuwa ameshaanza kuwasaidia kufunga makuti.

"Nani ataingia mwaka huu?" nilimuuliza aliyekuwa karibu.

"Mimi," alisema Vuai bila kugeuka. "Nimeshawaambia."

Nilimvuta pembeni. "Una nini wewe?"

"Sina kitu, Mize. Ndiyo sababu." Alipangusa mikono kwenye fulana. "Sikiliza. Kila mwaka mtu anaingia, anatoka, nasi tunasema mwaka umetoka. Si kweli. Anayetoka ni mtu. Mwaka unabaki ndani, unakwenda mahali. Hakuna aliyewahi kungoja akaona unakwenda wapi."

"Unakwenda majivu."

"Shinuna amefariki ndani ya mwaka huu. Leo nikiulizwa, nasema mke wangu amefariki masika haya. Kesho kutwa nitasema alifariki mwaka jana. Halafu mwaka juzi. Halafu atafika wakati wa watu kusema zamani. Kila mwaka utamsogeza, nami niko hapa nimesimama namwangalia anavyokuwa mbali. Nilikuwa na kile kipande. Nacho nimekichoma."

"Vuai. Utatoka?"

Aliangalia kibanda, bado mifupa ya miti tu, upepo unapita kati yake.

"Mlango upo," alisema.

Nikarudi na neno hilo. Nikaligeuza. Mlango upo. Ni jibu? Mlango upo kwa anayetaka kutoka. Upo pia kwa asiyetaka, unamtazama tu. Nilijiambia, atatoka, mwili wa mtu hautaki moto, mwili una akili zake. Nilijiambia, mwili ule ule ulikimbilia pazia. Nikapita njia nisiyoijua, nikaamkiwa kwa jina la mama yangu, nikaitika. Nilitamani nibaki mama yangu, yeye angejua la kusema. Lakini nilipofika kwa Mwanaheri nilikuwa Mize tena.

Alikuwa amekaa ukumbini, ungo mapajani, anachambua mchele wa sikukuu.

"Vuai ndiye anayeingia kibandani," nilimwambia.

"Aingie."

"Naogopa hatatoka."

Vidole vyake vilisimama. "Amesema hivyo?"

"Nimemuuliza. Amesema mlango upo."

Alichagua chuya moja, akaitupa. Akachagua nyingine. Alikuwa analia lakini kazi ya mikono haikuharibika.

"Tuwaambie watu wamzuie," nilisema.

"Wakimzuia mwaka huu ataingia mwaka ujao. Na kati ya hapo na hapo kuna bahari, kuna kamba, kuna kisima." Akaupeta mchele, vumbi likapanda. "Kesho kutwa usikae mbali nami, shoga."

Akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya Mwaka iliamka na upepo wa baridi. Watu walikuja uwanjani wamevaa nguo walizokwisha kuzikatia tamaa. Wanaume walijigawa, watu wa kusini huku, wa kaskazini kule, vigogo vya mgomba mabegani vikitona maji, na mara filimbi ilipolia wakavamiana. Kigogo cha mgomba hakiumizi sana, lakini kinavyolia mgongoni, mtu hupata raha ya kusikia kwamba amepiga. Niliona majirani wawili waliogombania mpaka wa shamba tangu mvua za vuli wakitandikana huku wakitukanana kwa adabu. "Chukua, bwana!" "Ahsante, na wewe pokea!" Mkuu wa mji naye alikuja, ameacha joho lake nyumbani, na siku hiyo ndiyo pekee tunayouona mgongo wake. Walimpanga foleni. Alipigwa na muuza maji, akapigwa na mwalimu, akapigwa na bibi mmoja aliyesema yeye hangojei nyimbo. Alipotoka pale alikuwa ameloa utomvu, anacheka kwa tabu, na kwa saa chache zilizofuata alikuwa mtu mwema kweli.

Upande wetu wanawake walifanya duara. Desturi ni hii: mwenye kinyongo humwita aliyemkosea, humwimbia ubaya wake mbele za watu, naye husimama na kusikiliza bila kujibu, mwisho akasema, "Nimesikia." Basi limekwisha. Mke mmoja aliimbiwa na wifi yake kwamba mkono wake ni mfupi kwenye sukari. Alisikiliza, akasema amesikia, wakakumbatiana, wote wakanusa utamu usiokuwepo.

Vuai alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa kanzu safi, na hilo peke yake lilinikata maini, maana hakuna anayevaa kanzu safi siku ya mgomba. Alisimama mbele ya Mwanaheri, mikono imening'inia.

"Niimbie, shemeji."

Duara likasogea karibu. Wote walikuwa wamesikia habari za mkanda.

"Sauti imekauka," alisema Mwanaheri.

"Niimbie, tafadhali. Nisiondoke na kinyongo chako."

"Kinyongo ni changu. Nitakiweka mpaka nikitake."

"Mwanaheri—"

"Si umesema mlango upo? Pita."

Vuai alimtazama kwa macho ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Kisha akaenda. Wanaume walimpisha, mgomba ukashushwa. Alivua viatu mlangoni mwa kibanda akavipanga vizuri, kama aingiaye msikitini. Aliinama, kwa kuwa alikuwa mrefu, akaingia.

Walizunguka kibanda wakaimba, kisha moto ukatiwa pembe ya nyuma. Makuti makavu hayabembelezi. Ulipanda ukutani kwa mlio wa nguo inayopasuliwa. Watu waliinua mikono tayari kupiga makofi. Moto ukafika ukingo wa paa. Hapo ndipo mtu hutoka. Ukapanda paani. Mikono ikabaki juu. Mtu mmoja akapiga kofi moja, akajisikia vibaya, akaacha.

Hakuna anayeruhusiwa kuingia kumtoa aliye ndani, wala kumwita kwa jina, maana kwa muda ule hana jina, ndivyo tulivyorithi. Tulisimama watu wazima wenye akili zetu, na joto linatupiga nyusoni, na mkuu wa mji aliyeloa utomvu anatazama huku na huku akitafuta wa kumwamuru, na hapakuwa na amri. Nilifikiri: hivi ndivyo inavyokuwa kila mara. Mtu anaondoka mbele ya macho yetu, na sisi tuna desturi.

Mwanaheri alipiga hatua mbele. Alifunga kanga kiunoni. Akafumbua mdomo, na sauti ilikuwa haijakauka hata kidogo.

"Dada yangu alipika, wali wake ni saruji,
Na mumewe akameza, akisukumia uji!"

Watu walishtuka. Marehemu haimbwi kwa ubaya. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Astaghfirullah." Mwanaheri akaurudia ubeti huo, kwa madaha zaidi, akishika kiuno. Wakati wa kurudia nilisikia kitu katika sauti ile, mteremko mdogo mwishoni mwa neno, ambao haukuwa wake. Ulikuwa wa dada yake. Kwa kitambo sikujua ni nani kati yao anayeimba, wala sikutaka kuambiwa.

Ndani ya moshi kikatoka kikohozi. Halafu sauti, nene, imekasirika:

"Uongo!"

Mwanaheri hakungoja.

"Akiimba hukimbia, hata kuku wa jirani,
Mumewe hakumpenda, aliolewa kwa nini?"

Mlango wa kibanda ukatapika moshi, na ndani ya moshi akatoka Vuai, kofia inawaka, kanzu nyeusi, mkono mmoja ameuinua, kidole kimenyooka kumwelekea shemeji yake. Watu wawili walimrukia wakaipiga kofia mpaka ikazimika. Hakuwaona.

"Saruji?" alipayuka. "Wali wa Shinuna saruji? Na nani aliyekuwa anakuja na bakuli kila Ijumaa?"

"Nilikuja kumwonea huruma!"

"Ulikuwa unakwangua sufuria! Ukoko ulikuwa unaugombania na paka!"

"Nilimsaidia paka, angevunja meno!"

"Mwongo mkubwa wewe! Wali wake ulikuwa..." Kikohozi kilimkamata akainama, akashika magoti, akainuka tena kwa sababu alikuwa hajamaliza. "Ulikuwa punje kwa punje. Aliweka hiliki moja tu, anaivunja kwa jino, anasema ikipigwa kinuni inaogopa. Ulijua hilo? Hujui! Na kuimba, sawa, alikuwa hajui kuimba, alianza juu mno akawa hana pa kwenda. Lakini kuku hawakukimbia. Walikuja. Walidhani wanaitiwa mtama. Na kumpenda..."

Hapo hakuweza. Midomo ilifanya kazi bila sauti. Tulikuwa hodari wa kuwapa maneno watu wa namna hiyo, lakini hakuna aliyempa.

Mwanaheri alimshika mkono uliokuwa umeungua, akaugeuza autazame, akaupuliza.

"Sikujua habari ya hiliki," alisema polepole.

"Kwa jino," alisema Vuai. "La upande huu."

"Nyingine?"

"Nini?"

"Nyingine nisizozijua. Unazo?"

Alimtazama. Nyuma yake paa la kibanda likaanguka kwa ndani, cheche zikapanda juu, na watu wakapiga makofi hatimaye, makofi ya ovyo yasiyokubaliana. Yeye hakugeuka kutazama mwaka ulivyokwenda. Alikuwa anamtazama shemeji yake, uso wote masizi, machozi yamechora njia mbili.

"Nimesikia," alisema.

Tulikwenda baharini wote. Maji yalikuwa baridi, wanawake huku, wanaume kule, kila mtu anachota na kujimwagia na kupiga kelele. Vuai aliinua mkono wake uliofungwa jani la mgomba usiguswe na chumvi, akazama mpaka shingoni. Nilisikia mtu akimuuliza kule, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika na wote, aliona nini ndani.

"Moshi," alisema.

"Moshi tu?"

"Na mlango. Ukiwa mle hakuna kingine kinachoonekana."

Nilikuwa nimesimama maji ya magoti. Nilitarajia jibu zaidi ya hilo. Maisha yangu yote nimetarajia zaidi ya hilo. Lakini jua lilikuwa bado juu, maji yanasukuma nyuma ya magoti yangu, na nilipojiangalia nilikuwa mimi, mwenye jina langu, katika siku yenye mwaka wake. Siku za yatima zilikuwa zimekwisha. Barabara ya kurudi ilikuwa mahali pake, na nyumba zote zilikuwa kwenye mpango wake.

Mwanaheri hakuwa na mgeni, kwa hiyo alituchukua sisi. Tulikaa mkekani, nywele mbichi, tumechoka kama waliotoka safari. Alileta sinia ya wali, akaiweka katikati. Njiani kote yeye na Vuai walikuwa wamebishana: kama Shinuna alikuwa anakoroma, kama ni yeye aliyeificha redio ya baba yao, kama ni kweli aliwahi kumtimua mposaji kwa kumwonesha meno ya farasi. Watu waliokuwa wakipita walisimama wakaongeza yao. Mimi niliongeza ya kitana.

Vuai alikata tonge kwa mkono mzima, akala. Akatafuna kwa muda mrefu. Sisi wawili tulikuwa tunamwangalia, maana tangu masika hatukumwona akila chakula kwa kukionja.

"Sema," alisema Mwanaheri.

"Ni mzuri."

"Sema kweli, mwaka mpya huu."

"Nazi haitoshi, shemeji."

"Basi inuka ukakune mwenyewe!"

Nilidhani atacheka tu. Aliinuka. Alikwenda jikoni, amekunja mkono wa kanzu ya kuazima, na tulimsikia akifunua vyungu, akisogeza mtungi, akigonga kifuu cha nazi kwa kisu mpaka kikapasuka.

"Mbuzi ya nazi iko wapi?" aliita.

"Ilipo siku zote," Mwanaheri alimjibu.

"Siku zote ni wapi?"

Mwanaheri alifuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka mkekani, akaenda kumwonesha.